Nchi Ndogo, Bahari Kubwa: Tujifunze Nini kwa Walinzi wa Bahari wa Shelisheli?

Ndugu wasomaji, haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wahitimu wa kisomo wa kijiji kimoja cha pwani ya kusini, Jumamosi jioni, chini ya mwembe wa shule. Vikundi vya vijiji vya jirani vimeomba yaandikwe gazetini ili navyo viyasome. Tumeyaandika kama tulivyoyasema.

  

Wiki mbili zilizopita mzee wetu mmoja alituuliza swali katika darasa. Alikuwa amesikia redioni habari za manowari. Akasema: "Mwalimu, nchi kubwa tunaelewa. Zina fedha. Lakini nchi ndogo isiyo na fedha, inanunuaje manowari? Na kwa nini isijenge zahanati kwanza?"

Swali hili tulilichukua tukaenda nalo nyumbani. Ni swali zuri, na hatukutaka kulijibu kwa haraka. Tena tuliona ya kuwa swali hili ni la kijiji hiki pia. Juma lijalo mtakuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mtaamua habari ya boti yetu ya doria, ile iliyolala pale chini ya mkungu. Je, tuombe boti mpya kubwa, au tufanye jambo lingine? Basi leo tutaeleza habari za nchi moja ndogo, jirani yetu wa baharini, halafu tutarudi hapa kijijini.

Nchi yenyewe ni ipi?

Nchi hiyo ni Shelisheli. Ukisimama hapa ufukweni ukatazama mawio ya jua, Shelisheli iko huko mbele, mbali sana. Ni nchi ya visiwa 115. Visiwa vyote ukiviunganisha pamoja havifiki kilomita za mraba 500. Wilaya nyingi za kwetu zina ardhi kubwa kuliko nchi hiyo nzima. Watu wake ni kama 120,000 tu. Ilipata uhuru mwaka 1976.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kila nchi yenye pwani ina haki ya mali iliyomo baharini hadi maili 200 za bahari, yaani kama kilomita 370 kutoka ufukweni. Haki hiyo imeandikwa katika mkataba wa mataifa juu ya sheria ya bahari, wa mwaka 1982. Visiwa vya Shelisheli vimetawanyika. Kwa hiyo kila kisiwa kinavuta duara lake la bahari. Ukijumlisha maduara hayo unapata karibu kilomita za mraba 1,370,000 za bahari.

Je, hiyo ni kubwa kiasi gani? Tanzania yetu yote, pamoja na maziwa, ni kilomita za mraba kama 945,000. Kwa hiyo watu wa Shelisheli, ambao ni wachache kuliko watu wa wilaya moja ya kwetu, wanalinda bahari iliyo kubwa karibu mara moja na nusu ya Tanzania nzima!

Haya, tupige hesabu kidogo, maana hesabu tulijifunza. Mji mkuu wa Shelisheli ni Victoria, katika kisiwa cha Mahé. Kisiwa chao cha Aldabra kiko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé. Meli ikienda kilomita 25 kwa saa, itatumia saa 44 kufika. Kwenda na kurudi ni saa 88, zaidi ya siku tatu na nusu. Na injini inakunywa mafuta usiku na mchana. Kumbe kutoka Aldabra hadi pwani ya Afrika ni kilomita kama 640 tu. Aldabra iko karibu na sisi kuliko ilivyo karibu na mji wao mkuu!

Wanaogopa nini?

Mtu anaweza kusema: nani atakwenda kupigana na nchi ndogo kama hiyo? Lakini wao wamekwisha kuonja. Tarehe 25 Novemba 1981 askari wa kukodiwa kutoka Afrika Kusini walishuka katika uwanja wa ndege wa Mahé, wakijifanya watalii, na bunduki zimefichwa mizigoni. Bunduki moja ikaonekana, mapigano yakaanza. Wengi wa askari hao walikimbia kwa kuteka ndege ya abiria ya India. Miaka hiyo askari wa Tanzania waliwahi kukaa Shelisheli kusaidia ulinzi. Wazee wengine hapa wanakumbuka.

Baadaye hatari ikabadilika. Kuanzia mwaka 2008 na 2009 maharamia wa Kisomali walitoka mbali na pwani yao, wakafika hadi bahari ya Shelisheli. Maharamia ni wezi wa baharini wenye silaha. Huteka chombo, huteka watu, halafu hudai fedha ili wawaachilie. Shelisheli inaishi kwa mambo mawili makubwa: watalii na samaki aina ya jodari. Sasa mtalii gani atakwenda mahali penye maharamia? Na mvuvi gani atatoka kwenda mbali?

Tena tazameni wakati wenyewe. Mwaka 2008 serikali ya Shelisheli ilishindwa kulipa madeni yake ya nje, ikabidi iombe msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Yaani mwizi alibisha hodi wakati sanduku la nyumba ni tupu.

Hapa ndipo jibu la mzee wetu linapoanzia. Alisema zahanati kwanza. Ni kweli, zahanati ni muhimu. Lakini fedha za zahanati za nchi ile zinatoka katika bahari. Bahari ikiibwa, zahanati nayo inakosa dawa. Kwa hiyo hawakuchagua kati ya meli na zahanati. Walijiuliza: tufanye nini tulinde bahari kwa fedha kidogo, ili zahanati zisifungwe?

Walifanya nini?

Jambo la kwanza: walijua kazi yao. Hawakusema, "Tununue manowari kubwa kama za mataifa makubwa." Manowari kubwa ya mizinga na makombora inahitaji mamia ya mabaharia na mafuta mengi sana. Wao walihitaji kukamata wezi wa samaki, kuzuia maharamia na magendo ya dawa za kulevya, na kuokoa watu waliopotea baharini. Kwa kazi hiyo meli ndogo za doria zinatosha. Kikosi chao kinaitwa Walinzi wa Pwani, na ni sehemu ya jeshi lao la ulinzi.

Jambo la pili: walichukua vilivyotumika na kuvitunza. Meli yao moja, Andromache, iliundwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliendelea na kazi miaka mingi, na mwaka 2009 ilikuwa bado inawakabili maharamia. Meli nyingine, Topaz, yenye urefu wa mita 46, ilikuwa ya jeshi la majini la India. India iliwapa katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2014 India ikawapa nyingine iliyotumika, nao wakaiita Constant. Mwaka 2021 wakapata meli mpya, Zoroaster, iliyoundwa katika mji wa Kolkata huko India. Ziko pia boti walizopewa na China na Umoja wa Falme za Kiarabu.

Mnaona? Miaka inapita, na chombo kimoja kimoja kinaongezeka. Huu ni ujenzi wa mtu anayeweka tofali kila anapopata shilingi.

Jambo la tatu: macho kabla ya miguu. Hili tulishike sana. Ukiwa na meli tatu katika bahari kubwa namna ile, ukazituma zikazunguke tu, utamaliza mafuta na mwizi hutamwona. Tena katika meli tatu, kwa kawaida moja iko baharini, moja inatengenezwa, na moja inajiandaa au inafundisha mabaharia. Kwa hiyo meli tatu ni meli moja! Lazima kwanza ujue mwizi yuko wapi, ndipo utume meli.

Basi wakatafuta macho. Mwaka 2013 walipata ndege ndogo ya doria kutoka India, na baadaye ya pili. Mwaka 2015 ilizinduliwa rada ya kulinda pwani. Rada ni mtambo unaotambua chombo kilicho mbali hata usiku. Na meli kubwa za uvuvi zenye leseni hufungwa chombo kinachotuma habari kwa njia ya setilaiti: meli iko hapa, inakwenda kule. Meli ikinyamaza, au ikionekana mahali ambapo haina ruhusa, walinzi wanajua pa kwenda.

Jambo la nne: walishirikiana na majirani. Tarehe 29 Januari 2009, katika mji wa Jibuti, nchi za ukanda huu zilikubaliana kupashana habari za maharamia. Shelisheli ilikuwamo, Kenya ilikuwamo, na Tanzania yetu ilikuwamo. Vituo vitatu vya kupashana habari viliwekwa: Sana'a huko Yemeni, Mombasa, na Dar es Salaam. Fikirini faida yake. Rada ya jirani inakuwa jicho lako, na wewe hukutoa hata senti kuinunua.

Jambo la tano: walifungua daftari na sheria. Mwezi Desemba 2009 walinzi hao waliwakamata Wasomali 11. Hawakuwatupa baharini. Waliwapeleka mahakamani Victoria, ushahidi ukatolewa, na mwezi Julai 2010 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Ushahidi unatoka wapi? Unatoka kwa mtu aliyeandika saa, mahali, na alichokiona.

Siku ya Topaz

Mlituomba hadithi, basi hii hapa, nayo ni ya kweli. Mwishoni mwa Machi 2010 maharamia walikuwa wameteka jahazi la Wairani lenye watu 21. Wakakutana na mashua ya wavuvi wa Shelisheli, Galate, yenye wavuvi 6. Wakawateka nao. Wakaanza safari ya kuwapeleka Somalia. Wangefika, wangekaa miezi mingi wakisubiri fedha ambazo familia zao hazina.

Serikali ikaamuru meli ya Topaz iwafuate. Tarehe 30 Machi iliwafikia. Maharamia hawakusimama. Topaz ikafyatua risasi, ikapiga upande wa injini, na jahazi likawaka moto. Watu wote wakajirusha majini. Walinzi wakawaokota mmoja mmoja. Mateka wote 27 wakapona. Wakati wa kurudi maharamia wengine wakaishambulia Topaz yenyewe, nayo ikawashinda.

Ndugu zetu, ile haikuwa meli mpya. Ilikuwa meli ya kupewa, ya mita 46. Lakini siku ilipohitajika, ilikuwa na mafuta, injini iliwaka, na mabaharia walijua kazi. Wazee walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaongeza: na vikiundwa, vinatunzwa.

Msaada na masharti yake

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu ni asali. Meli za kupewa zina shida zake. Meli ya Italia ina injini yake, ya India ina yake, ya China ina yake. Kila moja inataka vipuri vyake na fundi aliyeijifunza. Kwa nchi ndogo huo ni mzigo.

Na anayekupa leo, kesho anaweza kukuomba. Mwaka 2015 serikali za Shelisheli na India zilikubaliana kujenga kituo cha jeshi katika kisiwa cha Assumption, si mbali na Aldabra. Mwaka 2018 makubaliano yakaandikwa upya. Wananchi wengi wakapinga. Walisema kisiwa ni chao, na bahari ya Aldabra ina kasa na viumbe vya pekee. Bunge halikuyaidhinisha. Wengine waliwaona ni watu wasio na shukrani. Wengine waliwaona ni watu wenye akili. Jambo hili mtalijadili wenyewe katika vikundi.

Na sisi Tanzania je?

Nasi tumepita njia hiyo hiyo. Kituo cha wanamaji wetu cha Kigamboni kilijengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 jeshi letu lilipokea meli mbili za doria kutoka China, zikapewa majina ya Mwitongo na Msoga.

Lakini mfano mnaoukumbuka zaidi ni wa samaki wa Magufuli. Mwezi Machi 2009 meli iliyoitwa Tawariq 1 ilikamatwa ikivua jodari katika bahari yetu. Marehemu John Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, ndiyo maana watu waliwaita samaki wale kwa jina lake. Nani aliikamata? Ilikamatwa katika doria ya pamoja. Meli ya doria ilikuwa ya Afrika Kusini, na ndani yake walikuwamo wakaguzi wa nchi jirani pamoja na wa Tanzania. Meli ya mmoja, sheria ya mwingine, macho ya wote.

Tena katika kesi ile kuna somo la pili, nalo ni chungu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani baadhi ya washitakiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya taratibu za kisheria. Yaani unaweza kumkamata mwizi baharini, ukamkosa mezani. Karatasi nayo ni silaha.

Turudi chini ya mkungu

Sasa tuseme habari ya hapa kijijini. Tutasema wazi, na anayeona tumekosea atusahihishe.

Miaka kadhaa iliyopita wafadhili fulani walitupa boti ya plastiki yenye mashine ya nguvu farasi 40. Siku ya kuipokea tulipiga ngoma. Kazi yake ilikuwa kuzuia wapiga baruti katika miamba yetu, na kuokoa wavuvi waliopata shida. Kwa miezi michache ilifanya kazi. Mlio wa baruti ukapungua. Mama zetu wanaookota pweza walisema wanaona tofauti.

Halafu mashine ikaanza kukohoa. Mashine ile inatakiwa ioshwe kwa maji baridi kila inapotoka baharini. Haikuoshwa. Plagi na oili zinatakiwa zibadilishwe kwa wakati wake. Nani alijua wakati wake? Hakuna aliyeandika mashine imefanya kazi saa ngapi. Mafuta yakawa yanakwisha, na hakuna aliyeandika lita ngapi zimetumika na kwa safari gani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtunza fedha amekula. Naye akasema hakula. Hakuwa na la kuonyesha, na waliomshtaki hawakuwa nalo pia. Mpaka leo ndugu wawili wa nyumba moja hawasalimiani kwa sababu ya lita za petroli. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliiandika ubaoni siku ya kwanza ya darasa. Mnaikumbuka?

Na hapa sisi maofisa wa elimu tuna kosa. Tuliwafundisha kusoma na kuandika. Tuliwafundisha kuandika barua na kusoma gazeti. Tulipita mbele ya boti hiyo kila siku tukija darasani, wala hatukuwaza kwamba daftari la mashine ni somo. Tunakiri, na tunaomba radhi.

Msimu wa kusi uliopita vijana wetu wawili walizimikiwa na mashine wakati wa upepo mkali. Walichukuliwa na maji siku tatu. Mama zao walikaa pwani siku tatu, na boti ya kuokoa watu iko nyuma yao chini ya mkungu, kuku wametaga ndani yake. Vijana wale waliokotwa na jahazi lililokuwa likipita, kwa rehema ya Mungu. Mmoja wao amekaa hapa leo. Safari nyingine jahazi linaweza lisipite.

Na baruti imerudi. Tumeisikia Jumanne alfajiri, nanyi mmeisikia.

Ushauri wetu

Uamuzi ni wenu katika mkutano. Sisi hatupigi kura hapa. Lakini mmetuuliza maoni yetu, nasi tunayatoa tukifuata yale tuliyojifunza kwa Shelisheli.

Kwanza, tujue kazi yetu. Tunataka kulinda miamba mitatu na kuokoa wavuvi wa hapa. Hatuendi Aldabra. Boti kubwa ya mashine mbili wanayotaka baadhi yetu itakunywa mafuta mara mbili. Mashine ya 40 ikikimbia kwa nguvu zote inakunywa lita 15 na zaidi kwa saa. Mashine ya 15 inakunywa nusu ya hapo, au chini yake. Je, ushuru wa samaki wa kijiji unaweza kununua lita ngapi kwa mwezi? Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuandika barua ya kuomba boti.

Pili, tumwite fundi aikague boti tuliyo nayo. Ubavu wake bado ni mzima. Kama mashine imekufa kabisa, tutafute ndogo ya aina ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini na vijana wetu wanaijua. Tusichukue mashine ngeni kwa kuwa ni ya bure.

Tatu, macho kabla ya miguu. Kila siku kuna mtu yuko pwani: mama wa pweza, mvuvi wa ngalawa, mtoto wa mwani. Hao ndio rada yetu. Simu ziko. Tuchague watu watatu wa kupokea habari, na tukubaliane namna ya kusema: umeona nini, wapi, saa ngapi, chombo cha rangi gani. Na tuwape vijiji viwili vya jirani namba hizo, nao watupe zao. Wapiga baruti wakifukuzwa hapa hukimbilia kule. Tukinyamaziana, tunawasaidia wao. Na kukamata watu wenye baruti ni kazi ya polisi na maofisa wa uvuvi. Sisi tuwape habari mapema, tusiwakaribie mikono mitupu.

Nne, daftari. Daftari moja la mashine: tarehe, saa ilizofanya kazi, oili, plagi, jina la aliyeiosha. Daftari moja la mafuta: lita zilizoingia, zilizotoka, safari ipi, sahihi mbili. Daftari moja la doria: tulichokiona baharini. Haya yasomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya watu wote. Wahitimu wa kisomo mko 31 hapa. Kazi hii ni yenu. Tunapendekeza mama wawili wawemo katika waandishi, maana darasani wao ndio waliokuwa wakituletea hesabu zisizo na makosa.

Tano, tusimkatae mfadhili, lakini tumwulize maswali. Mafuta ni ya nani? Vipuri ni vya nani? Ukiondoka, tutabaki na nini? Na unataka nini kwetu? Kuuliza si utovu wa adabu. Hata mchumba huulizwa.

Mzee mmoja akajibu

Tulipofika hapo mzee mmoja, nahodha wa zamani wa majahazi, aliomba kusema. Tunaandika maneno yake kwa sababu yalitusahihisha.

Alisema: "Mwalimu, umesema vema, lakini umesahau kitu. Jahazi letu tulilikalafati kila mwaka kabla ya msimu. Hatukuwa na daftari, tulikuwa na mwenye jahazi. Alikuwa akikagua pamba na mafuta ya sifa kwa mkono wake, na ukifanya uvivu hupandi. Boti hii ina daftari au haina, kama haina mwenyewe itakufa tena. Andikeni daftari, lakini mchague na mtu. Boti ya wote ni boti ya nani?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Sisi tuliandika maneno hayo katika daftari letu. Hata Topaz ilikuwa mali ya taifa zima, lakini ilikuwa na nahodha mmoja aliyejibu.

Basi ndugu zetu, tumesema mengi na jua limekuchwa. Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi. Njooni na kalamu. 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Shelisheli haikununua manowari kubwa? Je, mngekuwa ninyi mngefanya nini?

2. Meli ikienda kilomita 20 kwa saa, itatumia saa ngapi kwenda kilomita 640?

3. Wananchi wa Shelisheli walipinga kituo cha Assumption. Walikuwa na haki, au walikosa shukrani kwa nchi iliyowapa meli? Toeni sababu za pande zote mbili.

4. Ni mali gani ya kijiji chenu ilikufa kwa kukosa matunzo? Iliandikwa wapi? Nani alikuwa mwenyewe?

5. Andikeni ukurasa mmoja wa daftari la mashine, au la pampu, au la kinu cha kijiji chenu, mkauonyeshe kwa mwalimu wenu.